Sheria ya Kutomkatiza Mtoto Kazini

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, Waziri wa Watoto Wadogo na Utulivu wa Taifa alikaa kwenye kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto wa miaka mitatu. Alipoinuka, kiti kiliinuka naye. Wasaidizi wake walipiga makofi, kwa kuwa hakuna kanuni iliyowaelekeza la kufanya, na katika nchi hiyo asiyejua la kufanya hupiga makofi.

Waziri huyo, Mheshimiwa Daktari Balthazari Mkunde, alikuwa ametembelea shule ya awali ya Mwalimu Ndeshi, iliyoko nyuma ya soko la kuku. Shule ilifuata utaratibu wa Montessori, ambao mwalimu alikwenda kuusomea ng'ambo. Kwa utaratibu huo mtoto huchagua kazi yake kwenye rafu, huifanya kwa muda anaoutaka, kisha huirudisha mahali pake, na mtu mzima hamkatizi. Meza ni fupi. Jagi ni dogo, lakini ni la kioo kweli, na likianguka linavunjika.

Desturi ya nchi ni kwamba kiongozi akiingia darasani, watoto husimama na kumwimbia. Siku hiyo hakuna aliyesimama. Mtoto mmoja alikuwa anamimina maharage kutoka bakuli moja kwenda jingine. Mwingine alikuwa anakata ndizi kwa kisu butu, kipande kwa kipande, kwa uso wa mtu anayepasua mgonjwa. Waziri akasema, "Hamjambo, watoto." Mwenye maharage alimtazama, akaona hakuja na bakuli, akaendelea na yake.

"Mwalimu, hawa wana matatizo ya masikio?"

"Hapana, mheshimiwa. Wana kazi."

Waziri, na kiti chake nyuma, akasogea mpaka kwa Tegemea, msichana wa miaka minne aliyeketi mbele ya kopo la dawa ya viatu, brashi na kitambaa. Alikuwa anang'arisha kiatu kidogo cheusi.

"Nani amemtuma?"

"Hakuna. Amechagua."

"Akimaliza anapewa nini? Pipi?"

"Hatutoi pipi, mheshimiwa."

"Basi anaogopa kiboko."

"Hatuchapi."

"Sasa akimaliza?"

"Akitaka, anaanza upya."

Waziri alinyamaza. Waandishi wa habari waliandika saa ambayo alinyamaza, kwa sababu jambo hilo halikuwahi kuripotiwa. Tegemea akamaliza kiatu chake, akatazama chini, akaona kiatu cha Waziri. Kilikuwa na vumbi la soko la kuku, na si vumbi peke yake. Akagusa kamba. Waziri akakivua.

Kiti kiliondolewa jioni na seremala wa Wizara, kwa msumeno.

*

Kiatu kiliingizwa kwenye kikao cha Baraza la Mawaziri kikiwa juu ya sinia. Kilipitishwa mkono kwa mkono. Waziri wa Fedha aliuona uso wake humo, akatengeneza tai.

"Waheshimiwa," alisema Daktari Mkunde, "mataifa mengine yamejaliwa mafuta. Mengine yamejaliwa almasi. Sisi tumekuwa tukiukalia utajiri usiotufika kiunoni. Nimemwona raia anayefanya kazi bila kutumwa, bila ujira, bila kiboko na bila kuuliza swali. Akimaliza, anaanza tena. Raia huyo nimemtafuta nchi nzima, maisha yangu yote ya utumishi, nisimpate. Waheshimiwa, tulikuwa tunatafuta kwa watu wakubwa mno."

Waziri wa Ulinzi aliuliza kama raia huyo huinua uso kiongozi anapopita. Akajibiwa kwamba hainui. Pakawa na minong'ono. Daktari Mkunde akafafanua kwamba asiyeinua uso pia haoni. Minong'ono ikaisha, na utaratibu wa Montessori ukatangazwa kuwa utaratibu wa taifa.

Sheria ilihitajika haraka. Mwandishi wa sheria wa serikali aliazima kitabu cha Mwalimu Ndeshi cha mwongozo wa walimu, akakinakili kifungu kwa kifungu, akibadilisha neno "darasa" kuwa "taifa". Mwishoni akaongeza vifungo. Kwa hiyo ikawa kosa la jinai, lenye kifungo cha miaka saba, kwa mtu yeyote kumkatiza mtoto aliye kazini kwa kumwita, kumshika, kumsifu au kumuuliza swali, mpaka mtoto huyo atakapokuwa amerudisha kazi mahali pake. Wabunge waliipitisha kabla ya chai. Mmoja aliyeomba nakala aisome aliambiwa ataisoma ikishaanza kutumika.

*

Kituo cha Taifa cha Umakini kilifunguliwa kwenye bohari ya serikali iliyokuwa ikihifadhi matairi. Harufu ya matairi ilibaki, ikaelezwa kuwa ni harufu ya maendeleo. Watoto waliletwa kutoka shule za awali zote za mji, wa miaka miwili na nusu mpaka mitano, wakiwa wameoshwa na kupakwa mafuta. Tegemea alikuwa wa kwanza kuandikishwa.

Mama yake, Bi Siwema, ni msusi. Siku ya uandikishaji aliahirisha vichwa viwili akamsindikiza mwenyewe. Majirani walimpongeza mlango kwa mlango. Mmoja akamwambia, "Shoga, mwanao ana miaka minne ameajiriwa serikalini. Mume wangu ana arobaini na tano, bado anasubiri kuitwa." Wakacheka sana.

Mwalimu Ndeshi aliteuliwa kuwa Mkuu wa Kituo. Alikuja na vifaa vyake vyote: vipande vya mbao vya rangi ya waridi ambavyo mtoto hupanga kuwa mnara, mitungi midogo ya kupima unene kwa vidole, herufi za karatasi ya msasa. Afisa Ugavi alivipokea kwa glavu, akavipanga kwenye kabati la kioo, akafunga kwa kufuli na kubandika tangazo: Mali ya Serikali, Watoto Wasiguse.

"Sasa watajifunza nini?" aliuliza Mwalimu Ndeshi.

"Mwalimu," akasema Waziri, "si kwenye kitabu chako kuna sura nzima ya kazi za maisha halisi?"

"Ipo. Kumimina maji, kufunga vifungo vya shati lake, kupangusa meza baada ya kula."

"Basi tumefuata kitabu. Tumeongeza kidogo tu."

Siku ya kwanza vilikuja viatu vya mawaziri. Baadaye vikaja vya makatibu wakuu, vya wakurugenzi, na vya shemeji wa wakurugenzi. Kisha ikaja karamu ya kumkaribisha balozi, na pamoja nayo magunia ya vitunguu saumu vya kumenya. Watoto walimenya, wakajifuta macho kwa mikono ileile, wakalia. Mganga wa Wizara alifika, akawatazama kutoka mlangoni, akaandika kwamba machozi hayo yanatokana na kuguswa na wajibu. Spika wa Bunge alituma meno yake ya bandia kila baada ya mlo, yakiwa na mlo. Mkurugenzi wa Maadili hakutuma kitu. Alileta miguu yenyewe, akakaa kwenye kochi, akaiweka juu ya meza fupi, na mtoto wa miaka mitatu akapewa jiwe la kusugulia magaga. Mkurugenzi alisinzia. Unga wa miguu yake ulimwangukia mtoto kwenye magoti, na mtoto, aliyefundishwa usafi, akawa anaukusanya kwa kidole na kuuweka kwenye kisosi.

"Mheshimiwa," Mwalimu Ndeshi alimuuliza Waziri siku hiyo, "haya ni maisha halisi ya nani?"

"Ya taifa, mwalimu. Unataka ya uongo?"

*

Kasoro moja ilijitokeza. Mtoto alipomaliza kiatu alikirudisha kwenye rafu, akakunja kitambaa, akasukuma kiti chake chini ya meza, akaenda kula au kulala. Wengine walikwenda dirishani kutazama kuku. Waziri alikuta nusu ya meza zikiwa tupu na kiatu chake cha kushoto hakijaanzwa.

"Huyu mbona ameacha?"

"Hajaacha. Amemaliza," alisema Mwalimu Ndeshi. "Ameirudisha kazi kwenye rafu. Kwake kazi ikishafika rafuni imekwisha."

"Kwa hiyo anayewakatiza watoto wetu ni rafu."

"Sikusema hivyo, mheshimiwa."

"Lakini ndivyo ilivyo."

Kabla ya magharibi rafu zote zilikuwa zimeng'olewa na kupakiwa kwenye lori. Kesho yake watoto walimaliza viatu, wakainuka navyo, wakavitembeza ukumbini wakitafuta pa kuviweka. Walizunguka kwa utaratibu, mmoja nyuma ya mwingine, bila kelele. Wengine walizunguka mpaka chakula kikapoa. Walipochoka walirudi mezani na kiatu kilekile, na kwa kuwa kiatu kilikuwa mkononi na kopo lilikuwa wazi, walianza upya. Wizara ilirekodi kwamba umakini umeongezeka maradufu.

Mwalimu Ndeshi alifukuzwa kazi wiki hiyohiyo. Alikutwa akimnawisha mtoto mikono kabla ya kula. Mashahidi walithibitisha kwamba mtoto huyo alikuwa ameshika kitunguu saumu, na kwamba mwalimu alikitoa kitunguu hicho mkononi mwake bila kuombwa. Kwa kuzingatia utumishi wake, adhabu ya miaka saba ilibadilishwa kuwa kupigwa marufuku kuvuka geti.

*

Siku ya kwanza bila rafu, Bi Siwema alifika getini saa kumi na moja jioni kumchukua mwanawe kama kawaida. Zamu ilikuwa ya Sajini Lupyana.

"Afande, habari za kazi. Nimekuja kumchukua Tegemea. Ana gauni la njano."

"Huyo yuko kazini."

"Saa hizi?"

"Mama, si mimi ninayepanga jua."

"Basi mwite tu, atakuja mwenyewe."

"Nikimwita nimemkatiza. Nikimkatiza ni miaka saba. Wanangu utawalea wewe?"

"Atamaliza saa ngapi?"

"Akisharudisha kazi mahali pake."

"Mahali pake ni wapi?"

Sajini Lupyana aligeuka akatazama ukumbini, akatazama sana, akarudi. "Hapo ndipo serikali bado inatafakari," akasema.

Wazazi wengine walikuwa wamefika pia. Mama mmoja alisema mwanawe nyumbani haokoti hata kijiko, heri akae huko wiki moja. Watu wakacheka. Jua lilipozama watoto walitandikiwa mikeka chini ya meza, na ikatangazwa kwa kipaza sauti kwamba mtoto aliyelala bila kurudisha kazi yuko katikati ya kazi, hivyo naye asikatizwe. Yule mama aliyesema wiki moja hakucheka tena. Wazazi walikwenda nyumbani na khanga za kubebea zikiwa zimekunjwa.

Asubuhi walirudi, na asubuhi iliyofuata. Bi Siwema aligundua kwamba akisimama juu ya jiwe la mtaro anaona dirishani. Aliona gauni la njano, ambalo mbele lilikuwa limegeuka rangi. Aliona Tegemea akitia kidole gumba kinywani, kama afanyavyo akisikia usingizi, akakitoa haraka kwa sababu ya dawa ya viatu, akatema, akakifuta kwenye nywele, akaendelea kusugua.

Siku hiyo alikwenda Wizarani. Waziri alimpokea akiwa na soksi, kwa kuwa viatu vyake vyote vilikuwa Kituoni.

"Mama, unajua viatu vyangu viko wapi saa hizi?" akasema. "Viko mikononi mwa mwanao. Ni wazazi wangapi wa nchi hii wanaweza kusema maneno hayo?"

"Mheshimiwa, mimi namtaka mwanangu."

"Hiyo ni hisia."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Sayansi inasema mtoto asikatizwe."

"Sayansi inasema asilale kwao?"

"Haijasema alale." Akamwita msaidizi, akaletewa bango kubwa lililokuwa linakwenda kubandikwa mjini kote. Lilikuwa na picha ya Tegemea, tabasamu limechorwa juu ya uso wake wa kazi, na mikono imesafishwa na mpiga picha mpaka ikawa na rangi ya mikono ya mtu mwingine. "Chukua," alisema Waziri. "Ukimkumbuka, utazame."

Bi Siwema alilibeba mpaka nje. Mwenye genge la mbele ya Wizara alilipata, akafunikia dagaa.

*

Jumamosi iliyofuata kungekuwa na gwaride la Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo wananchi humshukuru Mkuu wa Nchi kwa mambo yatakayotajwa siku hiyo. Buti za kikosi chote cha heshima zilishushwa Kituoni kwa malori. Watoto walizing'arisha. Lakini buti zilikuwa na kamba ndefu na matundu mengi, na hakuna mtoto aliyewahi kuonyeshwa namna ya kuzipitisha. Wizara ilituma wataalamu wawili kutoka Kitengo cha Mitaala. Walitoa mada, wakaondoka.

Bi Siwema alikuwa ameacha kwenda nyumbani mchana. Alihamishia kibao chake getini, akawa anawasuka wazazi waliosubiri, kwa sababu vidole vilivyokaa bure vilimfanya apande tena juu ya jiwe. Sajini Lupyana alizoea kumtazama.

"Mama Tegemea, hivi vidole vyako vina macho?"

"Ungekuwa na nywele ungejua, afande."

"Kuna buti humo ndani zimewashinda. Nimpigie mheshimiwa nimwambie kuna fundi getini?"

Bi Siwema aliendelea kusuka. "Mpigie," akasema.

Ijumaa mchana, baada ya jibu kurudi kwamba amekubaliwa, mteja mwingine alikuja akaketi chini kati ya magoti yake, amejifunga ushungi mpaka machoni. Alipoufungua alikuwa Mwalimu Ndeshi.

"Nisuke mtindo wa twende kilioni," alisema mwalimu, "na usiache kusuka. Kesho ukiingia usimwite. Usimshike. Usimwambie twende. Yote hayo ni kukatiza, na wewe utakwenda jela na yeye atabaki."

"Sasa niingie kufanya nini, mwalimu? Kumkonyeza?"

"Kuonyesha. Walinakili kitabu changu bila kukisoma. Kuna kifungu humo kinamruhusu mtu mzima kumwonyesha mtoto kazi. Anakaa kuliani kwake, hasemi, anafanya polepole, mwanzo mpaka mwisho. Na yeye wakati huo hakatizwi, hata na Waziri."

"Mwisho wa kufunga kamba ni fundo."

"Siyo. Mwisho wa kazi ni pale inapowekwa. Usipowaonyesha hapo hujaonyesha kazi, umeonyesha nusu."

"Rafu zimeng'olewa."

"Rafu zimeng'olewa," alikubali Mwalimu Ndeshi, kichwa kikivutwa nyuma. "Kwako viatu mnaviweka wapi?"

Vidole vya Bi Siwema vilisimama.

"Nje," akasema. "Mlangoni."

"Kwangu pia. Na kwa kila mtoto aliyemo humo. Endelea kusuka, afande anatazama."

*

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi Bi Siwema alivua kandambili zake mlangoni, akaingia. Televisheni ya taifa ilikuwa imeweka kamera tatu, kwa kuwa Waziri alitaka nchi ione buti zikifungwa mubashara. Kila mtoto alikuwa na buti moja mbele yake. Nyingine zilikuwa zimewafika watoto kifuani.

Akakaa kuliani kwa Tegemea. Mtoto aligeuka. Alimtazama mama yake usoni, midomo ikaanza kucheza, na watu waliokuwa wanatazama televisheni wanasema hapo ndipo walipofikiri kila kitu kitaharibika. Bi Siwema hakusema neno. Aliweka mikono juu ya meza. Tegemea akatazama mikono.

Mikono ya Tegemea yenyewe ilikuwa myeusi mpaka kwenye vifundo. Ngozi ya kidole gumba ilikuwa imepasuka, na ndani ya mpasuko kulikuwa na dawa ya viatu.

Bi Siwema alichukua kamba, akaipitisha tundu la kwanza, akaivuta. Akapitisha la pili. Alifanya polepole kiasi kwamba mtangazaji aliishiwa maneno, akarudia majina ya wadhamini wa matangazo. Watoto wa meza za jirani waliacha brashi, wakatazama. Alifika juu, akafunga fundo, akaliregeza, akafunga tena ili lionekane. Kisha akafunika kopo. Akakunja kitambaa mara mbili. Akainuka, akasukuma kiti chini ya meza bila kukikwaruza, akabeba buti kwa mikono miwili, akatembea kando ya ukuta mpaka mlangoni. Nje ya kizingiti aliinama, akaiweka chini, ncha ikitazama barabarani. Akavaa kandambili zake, akaenda zake, bila kugeuka.

Tegemea alipitisha kamba. Aliruka matundu mengi na fundo lake lilikuwa kamba iliyozungushwa tu. Akafunika kopo. Akakunja kitambaa. Akasukuma kiti. Buti ilikuwa nzito, akaikumbatia, akatembea kando ya ukuta palepale mama yake alipopita, akaiweka nje kando ya ile ya kwanza, akaisogeza mpaka ncha zikalingana. Hakuwa na viatu vya kuvaa. Akaenda zake hivyohivyo.

Nyuma yake alikuwepo mtoto wa maharage. Nyuma ya huyo, yule aliyekuwa anasugua magaga, na nyuma yake meza nzima. Sajini Lupyana alipiga simu.

"Mheshimiwa, wanatoka."

"Wazuie."

"Wako kazini, mheshimiwa. Kila mmoja ana buti."

"Wakimaliza je?"

"Wakimaliza wanakuwa nje, mheshimiwa."

Waziri alifika na soksi zake. Alisimama katikati ya geti, mikono ameitanua, mbele ya Tegemea na mbele ya kamera. "Mtoto mzuri," akasema kwa sauti ya upole, "unakwenda wapi?" Tegemea alimpita kwa kulia. Aliyefuata akampita kwa kushoto. Katibu Mkuu akamnong'oneza, kwa sauti iliyosikika nchi nzima: "Mheshimiwa, umemsifu na umemuuliza swali." Waziri akajiziba mdomo kwa mkono. Alibaki hivyo, watoto wakimzunguka pande mbili, mpaka mstari ulipokwisha.

Ng'ambo ya barabara kila mzazi alichukua wake. Watoto ambao kwao ni mbali walisimama kwa utulivu, wakisubiri, mpaka mama wengine walipowafunga na wao migongoni.

*

Taarifa ya habari ya jioni ilieleza kwamba gwaride lilifana. Haikueleza sababu ya mstari wa mbele wa kikosi cha heshima kuanguka kwa pamoja mbele ya jukwaa, ila ilisema Mkuu wa Nchi alifurahia ubunifu huo. Iliendelea kusema kwamba watoto wa Kituo cha Taifa cha Umakini wamemaliza kazi kabla ya wakati. Kwamba uchunguzi wa Wizara umebaini kasoro kuwa ni mlango. Kwamba Jumatatu mlango utazibwa kwa matofali. Na kwamba watoto wapya, kutoka wilaya ya jirani, watapitishiwa dirishani. Wazazi wa wilaya hiyo walihojiwa. Walisema wamepokea uteuzi huo kwa furaha.

Redio ya jirani ilikuwa inasema hayo, ikisikika mpaka uani kwa Bi Siwema. Bi Siwema alikuwa amemwekea Tegemea beseni, sabuni na jagi, akakaa pembeni, mikono ameikalia. Tegemea alijisugua mwenyewe, kidole kimoja kimoja, akikunja uso alipofika kwenye gumba. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Akayamwaga kwenye shina la mpapai, akamimina mengine. Ya pili yalitoka meusi.

Ya tatu yalitoka kijivu. Tegemea aliyatazama.

"Bado," akasema, akayamwaga, akashika jagi.